Hapa Hakuna Ngassa

Kabla ya kompyuta, hakuna neno lililoingia kambi ya Nyamhindi, kambi ya kampuni ya kutafuta dhahabu, bila kupita kwenye masikio ya Zipora. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa redio upepo, ile ya kuitana kambi kwa kambi. Mke wa mtu akijifungua Kahama, Zipora alijua kwanza na baba wa mtoto akafuata. Meneja akikaripiwa na wakubwa zake wa Mwanza, Zipora alikuwa amekwisha kuyasikia makaripio kabla meneja hajavaa viatu. Miaka mitano alikaa kwenye kiti kilekile, kipaza sauti mkononi, na kambi nzima ilimsalimia kwa adabu, maana hakuna mwenye akili anayemnunia mtu anayejua mambo yake.

Mwaka tisini na nane kampuni ikaleta imeli. Nitin, fundi wa Kihindi kutoka Mwanza, alikuja na gari lenye masanduku mawili, akafunga seva mlemle kwenye chumba cha redio, akaiunganisha na simu ya setilaiti, akakaa siku kumi kumfundisha Zipora. Tangu hapo, kila siku ya kazi saa nne asubuhi, seva ilipiga simu Dar es Salaam kwenye mashine kubwa iliyokuwa ikiwahifadhia barua zao, ikazipokea moja moja, na saa tano laini ikafungwa. Wakubwa wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe bila kumpitia mtu. Zipora aliiangalia ile mashine kama mke mkubwa anavyomwangalia bi harusi mdogo akishushwa mlangoni.

Hata hivyo Nitin alimwachia kitulizo kimoja. Ndani ya seva kulikuwa na orodha ya majina ya wafanyakazi. Jina likiwemo kwenye orodha, barua ilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la mwenyewe, na Zipora hakuiona. Jina lisipokuwemo, barua haikutupwa. Iliangukia kwenye sanduku la Zipora, ili atafute ni ya nani. Na barua za namna hiyo zilikuwa nyingi, kwa sababu ndugu wa wafanyakazi, waliokuwa wakienda kuandikiwa kwa watu wenye kompyuta mjini, hawakuyajua majina ya kazini. Wao waliandika kwa Baba Kulwa, au kwa ng'wana Masanja, yaani mtoto wa Masanja. Seva haikumjua Baba Kulwa. Zipora alimjua, na sababu iliyomfanya asiende kwao Pasaka alikuwa akiijua vilevile. Alizichapa barua hizo, akazikunja, akaandika jina kwa nje, akazibandika kwenye ubao wa bwalo la chakula. Hivyo akabaki kuwa mtu.

Sasa Cornel. Bila Cornel, Zipora angezeeka akiwa mmbea tu, na mmbea kambini hana madhara makubwa.

Cornel alikuwa mtu wa banda la sampuli. Mawe yaliyotoka kwenye mitambo ya kuchoronga yaliletwa kwake, akayapasua, akayatia kwenye mifuko ya kitambaa cha marekani, akaiandika namba, ikapelekwa kupimwa kama ina dhahabu. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na akicheka alifunika mdomo kwa mkono. Mapenzi yao yalikuwa na mwaka wa pili. Mshenga alikwisha kwenda kwa baba yake Zipora, Kahama, mahari ikakubaliwa, na harusi ilingoja pamba ivunwe. Zipora alikuwa na miaka ishirini na tisa, na wadogo zake watatu walikwisha kuolewa mbele ya macho yake. Kwa hiyo asilaumiwe sana kwa wivu, ingawa ulikuwa wivu wa kutosha kijiji kizima. Mpishi akimwongezea Cornel kipande cha nyama, mpishi alinuniwa wiki. Cornel akivaa shati jipya, Zipora alitaka kujua limechaguliwa na nani, na hakuridhika mpaka aambiwe mara ya tatu.

Jambo moja tu lilimuuma kimoyomoyo. Mtu huyu alikuwa na sanduku lake la barua kwenye seva, alijua kusoma na kuandika, na hakuwahi kumwandikia hata mstari. "Si tunaonana kila siku?" alisema. Ni kweli, walionana kila siku.

Barua ya kwanza iliyoandikwa kwa Ngassa ilikuja mwezi wa tatu mwaka tisini na tisa. Ilitoka Shinyanga mjini, kwenye duka la Mama Sherbanu, lililokuwa likiishonea kampuni mifuko ya sampuli, na ndiyo maana waliijua anwani. Kwenye orodha hakukuwa na Ngassa. Zipora aliichapa, akaikunja, akaibandika ubaoni. Ikakaa wiki mbili. Kila mtu wa kambi alipita mbele yake mara tatu kwa siku, Cornel akiwemo na sahani yake, na hakuna aliyeichukua. Ilipoanza kupauka kwa jua, Zipora akaibandua na kuisoma, kama ilivyokuwa haki yake.

"Baba Limi," ilisema, "ni mimi Lusia. Mama Sherbanu ameniruhusu kutumia kompyuta ya duka kila Jumamosi tukishafunika cherehani. Nimesikia uko kwenye kampuni hii tunayoishonea mifuko. Wiki hii nimeshona mia mbili. Kila nikimaliza mmoja nauambia, nenda ukamwone. Kwenye pindo la chini la mifuko yangu napitisha uzi mwekundu, ili ukiushika ujue umepita mkononi mwangu. Kama huna nafasi usijibu. Mimi nazungumza tu, kama tulivyokuwa tukizungumza wakati wa palizi, wewe tuta lako na mimi langu."

Zipora aliisoma mara tatu. Alichokisikia kifuani kilikuwa wivu, mwingi na wa wazi, juu ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, kwa ajili ya mwanamume ambaye hakuwahi kumwona pia. Nani humwambia mtu maneno kama haya? Yeye hakuwahi kuambiwa, na kama angetaka kuyasema asingejua pa kuanzia. Alimtafuta huyo Ngassa kwa moyo wote. Aliuliza kwa wachorongaji, akauliza jikoni, akauliza kwa walinzi wa geti. Kama angempata angemkaripia kwa nini hajibu.

Jumatatu moja ikaja ya pili.

"Limi ameanza kuuliza kwa nini baba yake ana vidole tisa vya miguu. Nimemwambia kile kidogo cha kushoto kilikatwa na plau ukiwa na miaka kumi, ukakizika mwenyewe kwenye shamba la pamba. Sasa anataka twende tukakifukue. Nimemwambia tumngoje mwenyewe, yeye ndiye anayejua alipokizika."

Kambini hakuna aliyewahi kuuona mguu wa kushoto wa Cornel, kwa kuwa hata kuoga alioga peke yake na hata kulala alilala na soksi. Zipora alikuwa ameuona. Siku alipomuuliza kidole cha tano kiko wapi, Cornel alimwambia kwamba alizaliwa hivyo.

Mambo mengine yalijipanga yenyewe baada ya hapo, wala hayakuhitaji akili nyingi. Upande huu wa nchi kila mtu anajua namna kazi za kampuni zinavyopatikana. Kijana aliyefika kidato cha nne anabaki nyumbani na ng'ombe, binamu yake aliyeishia darasa la saba anaazima cheti, anakwenda nacho ofisini, na jina la kwenye cheti linakwenda naye. Huko kazini ataitwa hivyo mpaka mkataba uishe. Cornel alikuwa jina la kwenye karatasi. Mtu mwenyewe alikuwa Ngassa, mume wa Lusia, baba wa Limi.

Zipora hakupiga kelele. Wivu wake wa kelele, ule wa nyama na mashati, ulikoma siku ile ukaingia wa kimya, ambao ndio mbaya. Angemuuliza? Angejibu nini? Angemshitaki kwa meneja? Cornel angefukuzwa kazi kwa cheti cha kuazima, na harusi ingekufa siku hiyohiyo. Kusema ni kumpoteza, na kunyamaza ni kuwa naye. Akanyamaza. Lakini kesho yake mchana, mtunza stoo alipokwenda kula, aliingia stoo na wembe. Marobota ya mifuko mipya yalikuwa yamefika kutoka Shinyanga. Aliivuta mifuko yenye uzi mwekundu mmoja mmoja, akaukata uzi, akauchomoa. Alipofika mfuko wa arobaini vidole vilikuwa vinamuuma na robota lilikuwa halijapungua. Mwanamke yule alishona haraka kuliko mwingine awezavyo kuchomoa.

Meneja ndiye aliyemletea dawa mlangoni. Seva ilikuwa ikipokea takataka nyingi: matangazo ya watu wa ng'ambo waliokuwa wakiuza dawa na saa, na barua za watu walioacha kazi zamani. Saa nzima ya asubuhi laini ilishikwa na barua zisizo na wenyewe, na ripoti za mitambo zikachelewa. "Zipora," meneja akasema, "kuanzia leo jina lisilo kwenye orodha likataliwe. Sitaki liingie kabisa." Zipora aliitikia ndiyo kwa wepesi ambao meneja hakuutegemea, maana alijua mwanamke huyu anavyolipenda sanduku lake.

Nitin alikwisha kumwachia maelekezo kwenye daftari. Alifungua mafaili ya seva, akatafuta mahali palipoulizwa kama wasiojulikana wakubaliwe au wakataliwe, akaandika wakataliwe. Akazima, akawasha. Jumatatu saa nne laini ikafunguka, takataka zikamiminika kama kawaida, na katikati ya takataka hizo barua ya Lusia kwa Ngassa. Aliifuta bila kuisoma, na jambo hilo lilimgharimu jasho. Akarudia kazi mwanzo hadi mwisho. Jumanne, mambo yaleyale. Ndipo akashika redio, kwa sababu simu ya setilaiti ilikuwa imeshikwa na seva yenyewe.

"Mwanza, Mwanza, hapa Nyamhindi. Nitin, nimeiambia ikatae wasiojulikana. Nimezima, nimewasha. Bado inapokea kila mpita njia. Ova."

"Pole, dada Zipora. Orodha ya majina iko sawa? Ova."

"Iko sawa. Majina arobaini na moja. Ova."

"Basi zungumza na seva mwenyewe, kama nilivyokufundisha. Jifanye wewe ndiye mashine ya Dar. Itajie jina la mtu ambaye hayupo kabisa, uone itakujibu nini. Ova."

Wakati huo Cornel alikuwa amesimama dirishani, na karatasi za sampuli za siku ile mkononi. Zipora alizungusha kiti.

"Wanataka jina la mtu ambaye hayupo hapa," alimwambia. "Nitajie moja."

"Majina yako mengi, andika lolote."

"Niandike Ngassa?"

Cornel aliangalia karatasi zake. Alizipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangwa.

"Hilo nalo ni jina," akasema.

"Nakuuliza, unamjua Ngassa yeyote hapa?"

Redio ilikuwa ikikoroma. Kule Mwanza Nitin alikuwa akingoja, na kambi nyingine mbili zilizokuwa kwenye mawimbi hayo zilikuwa zikisikiliza kama kawaida yao. Zipora alimpa muda. Alimpa muda mrefu kuliko alivyowahi kumpa mtu yeyote kwenye chumba kile. Laiti angesema neno moja, hata la uongo lakini la kujitetea, angelia na wangegombana na kambi ingesikia, na pengine baada ya hapo wangejua wanaanzia wapi.

"Simjui," alisema Cornel. Akaziweka karatasi dirishani, akaondoka kuelekea bandani.

Zipora akaandika jina hilo. Seva ikamjibu sawa, lete barua yake.

"Inapokea, Nitin. Nimeitajia Ngassa, imekubali. Ova."

"Nenda mwisho wa orodha. Chini kabisa. Kuna mstari wenye nyota? Ova."

Ulikuwepo. Nyota moja, na mbele yake jina la Zipora.

"Ndio huo. Nyota maana yake ni mtu yeyote. Tuliuandika siku ile ili barua zilizopotea zije kwako. Sasa umeiambia seva ikatae wasiojulikana, lakini nyota ikiwepo hakuna asiyejulikana, wote ni wako. Ufute mstari huo. Ova."

"Nikiufuta, barua zao nitaziona wapi? Ova."

"Hutaziona. Dar ikitaja jina, seva itakataa hapohapo mlangoni, kabla barua yenyewe haijaletwa. Dar itamrudishia mwandishi pamoja na maelezo. Wewe utabakiwa na mstari mmoja kwenye kumbukumbu: nani, kwenda kwa nani, saa ngapi, amekataliwa. Basi. Ova."

"Hayo maelezo yanasemaje? Ova."

"Ni Kiingereza tu. Ukitaka andika yako ya Kiswahili. Ila taja mtu wa kuulizwa. Ndiyo sheria ya barua hizi, kila seva iwe na mtu mmoja ambaye mlango kwake haufungwi. Ova."

Mtu mmoja ambaye mlango kwake haufungwi. Zipora aliyapenda maneno hayo. Tangu seva ije, jina lake halikuwa likitajwa sana. Akaandika taratibu, akichagua maneno: "Hapa hakuna mtu mwenye jina hili. Ukiwa na swali, mwandikie Zipora." Akaweka na anwani yake. Kisha akaufuta mstari wa nyota, akazima, akawasha, akaitajia seva jina la Ngassa. Ikakataa. Akalitaja tena, kwa utamu tu wa kuisikia ikikataa.

Utamu ule haukumaliza wiki.

Jumatatu iliyofuata alifungua kumbukumbu, na mstari ulikuwepo: duka la Shinyanga, kwenda kwa Ngassa, saa nne na dakika sita, amekataliwa. Zipora alitabasamu. Kisha akajiuliza barua ilisemaje. Alitafuta kila mahali, lakini Nitin alikuwa amesema kweli, barua yenyewe haikuingia. Lusia alikuwa amesema kitu, kirefu au kifupi, cha uzi au cha mtoto au cha mwilini mwa mtu ambaye Zipora alikuwa akipanga kulala naye maisha yake yote, na kitu hicho kilikuwa kimerudi Shinyanga bila yeye kukisikia. Aliyefunga mlango ndiye sasa aliyekuwa akitamani kuchungulia. Siku hiyo hakula.

Jumatatu ya pili, mstari mwingine, safari hii kwa Ngassa Jilala, jina na la baba yake. Umekataliwa. Ya tatu, mistari miwili siku moja, mmoja kwa N. Jilala na mwingine kwa Baba Limi. Yote imekataliwa. Alimwona yule mwanamke kwa macho ya moyo, akizunguka nyumba na kugonga kila dirisha. Na Zipora, badala ya kumwonea huruma, alimwonea wivu zaidi. Yeye mwenyewe kwa Cornel angegonga mara ngapi? Usiulize, alijiambia. Lakini alikuwa amekwisha kuuliza.

Na Cornel? Cornel alikula vizuri. Alikaa naye bwaloni jioni kama zamani, akataja harusi mara mbili kwa hiari yake, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Tangu siku ya dirishani hakuuliza nani kamwandikia Ngassa, wala kwa nini jina hilo lilikuwa mdomoni mwa Zipora. Kama alijua anajulikana, alikuwa ameamua kutokujua. Zipora alimtazama akimenya muhogo na kuwaza kwamba alikuwa amemshinda mwanamke mwingine bila kuinua mkono, na kwamba ushindi wenyewe ulikuwa na ladha ya maji ya uvuguvugu.

Jumatatu ya nne kumbukumbu haikuwa na mstari hata mmoja uliokataliwa kutoka Shinyanga. Alidhani mwanamke amechoka. Akafungua sanduku lake mwenyewe, ambalo siku hizo lilikuwa kavu, na akakuta barua moja. Ilikuwa imeandikwa kwa Zipora.

"Dada Zipora," ilisema, "kama wewe ni mkubwa kwangu, shikamoo, na kama ni mdogo wangu, habari za kazi. Sikujui. Mashine yenu imenipa jina lako, imesema nikiwa na swali nikuandikie. Namtafuta mume wangu, Ngassa mtoto wa Jilala, mtu wa upande wa Chato. Ana miaka mitatu hajaonekana. Dereva mmoja wa kampuni yenu aliyekuja kuchukua mifuko alinieleza mtu anayefanana naye, basi nikaandika. Mashine imenijibu mara nne kwamba hayupo.

"Niliwapelekea wazee wa kwao zile karatasi, kwa kuwa walikuwa wakiniuliza. Wamesema kampuni ni serikali ndogo, ikiandika mtu hayupo, hayupo. Wanasema amefukiwa kwenye mashimo huko Geita kama walivyofukiwa wengine ambao hawakupata hata jina. Jumapili ijayo watazika shati lake na kofia yake, na mimi na Limi tutanyolewa. Mimi nimekubali. Lakini nimeona kwanza nimuulize mtu. Mashine inajibu haraka mno, kama haikutafuta. Sikuombi unirudishie mume. Nauliza tu kama ni mzima. Kama humjui, niandikie kwa mkono wako kwamba humjui, nami nitalia vizuri. Wabeja, asante sana kwa kazi yako."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na nusu.

Jibu lilikuwa rahisi na lilikuwa limekwisha kuandikwa. Hapa hakuna mtu mwenye jina hili. Alilitunga mwenyewe, likasemwa mara nne, na hakuna aliyemlaumu. Akilisema mara ya tano, Jumapili Ngassa angezikwa kwa heshima zote, asingetafutwa tena na mke wala mtoto wala ukoo, na Cornel angebaki duniani bila mtu mwingine ila Zipora. Hata wazee wangekuwa wamemsaidia. Alianza kuandika. Aliandika "Dada Lusia, hapa hakuna," na akasimama hapo.

Aliuona upara wa Lusia. Alimwona ameketi chini na kanga nyeusi, kichwa kiking'aa, mtoto kando, na watu wakiingia kumpa mkono na kumwita mjane wa Ngassa. Na wivu ukampanda, mkali kuliko wa nyama na shati na uzi. Maana huyo aliyekuwa akienda kuzikwa ndiye mtu mwenyewe. Ndiye aliyekatwa kidole na plau akakizika shambani, ndiye aliyepalilia tuta lake akizungumza na mkewe. Akizikwa, angekuwa wa Lusia moja kwa moja, na hakuna mtu awezaye kumnyang'anya mwanamke maiti. Yeye Zipora angeolewa na nani? Angeolewa na karatasi ya kidato cha nne, na mwanamume anayelala na soksi ili asijulikane. Hata kile kilio alimwonea wivu. Yeye, Cornel akifa, angemlilia nani, kwa jina gani?

Alifuta alichoandika. Kwanza alifungua orodha ya majina. Mwishoni, pale palipokuwa na nyota, aliandika mstari mpya: Ngassa, na mbele yake Cornel, ili barua ya jina la kwanza iende kwenye sanduku la jina la pili. Alizima, akawasha, akaitajia seva jina. Ikakubali. Kisha akaandika barua.

"Dada Lusia, mimi ni mdogo wako, shikamoo. Ninamjua. Ni mzima, na ana vidole tisa. Msizike kitu, wala msinyoe. Andika tena kwa Ngassa, itafika." Aliituma saa tano kasoro dakika tatu, na alipoona imekwenda aliinama juu ya meza akalia, si kwa wema, bali kwa hasira ya mtu aliyefungua zizi na kuwatoa ng'ombe wake mwenyewe.

Barua ya Lusia ilikuja Jumatano; safari hii hakungoja Jumamosi. Zipora aliiona ikipita kwenye kumbukumbu, imekubaliwa, na hakuigusa, ingawa funguo zote za masanduku zilikuwa mkononi mwake. Alimtuma dereva akamwite Cornel, kwamba ana barua. Akaja akijifuta vumbi la mawe, akakaa kwenye ile kompyuta ya pembeni ya watu wote, akaandika neno lake la siri. Zipora alimgeuzia mgongo. Alisikia kiti kikilia.

"Nani ameliingiza jina hili?" Cornel akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, Ngassa."

Aligeuka kumtazama usoni, maana kwa ajili ya uso ule alikuwa amekesha siku mbili. Alitaka kuona jina lake la kweli litamfanya nini: kama atalia kwa ajili ya mkewe, au ataona aibu mbele yake yeye, au hata atakasirika. Angepokea lolote. Cornel aliangalia mlangoni. Aliangalia mlangoni kwanza, kisha dirishani, kisha kwenye redio kama iko wazi, kuona kama kuna aliyesikia. Alipohakikisha hakuna, akashusha pumzi na kuanza kutabasamu, mkono mdomoni.

Hapo ndipo Zipora alipotafuta wivu wake wote na asiukute. Alimkumbuka Lusia na mifuko yake mia mbili, na kwa mara ya kwanza akamhurumia, kwa sababu alikuwa anaenda kumpata mwanamume huyu.

Akasimama, akavuta kiti chake kando, akamsogezea kibodi.

"Mjibu mke wako," alisema. "Laini inafungwa saa tano."